Inchi Mbili za Upindo

Al Khuwair, Muscat
4 Januari 2026

Ami yangu Harub,

Assalaam aleikum. Nakuandikia barua kama ulivyotaka, maana Baba kanambia sauti za simu huzisikilizi, mashine ya kunolea viatu vya barafu inapiga kelele kutwa dukani kwako. Sisi wazima. Bibi mzima, goti tu linamsumbua, na anauliza Ottawa wamekufunga kamba au utakuja mwaka huu. Nimjibu nini?

Jambo langu ni hili. Mimi ni kipa wa timu ya wasichana ya mpira wa magongo ya barafuni. Cheka umalize. Watu wakisikia husema Muscat na barafu wapi na wapi, lakini uwanja upo, ndani ya jengo, na mimi nimo humo mwaka wa nne sasa.

Kudaka nadaka. Kinachoniaibisha ni gongo. Mwezi uliopita paki, kile kisahani cheusi tunachochezea, ilizunguka nyuma ya goli langu. Nikatoka kuifuata, nikaipiga nimpe mwenzangu, ikaenda inatetemeka mpaka kwa adui. Akaitia golini mimi niko nje natazama. Kocha Ghadeer akasema kipa asiyejua kuitoa paki ni nusu kipa. Alisema mbele ya wote.

Majaribio ni Jumamosi tarehe 14 Februari. Baada ya Idi timu inasafiri kwenye mashindano, na makipa wanaokwenda ni wawili. Wa kwanza anajulikana. Wa pili ni mimi au Ruba, na Ruba anaitoa paki kama anamtupia mtu funguo. Baba naye amesema, ukikosa safari hii khalas, viatu vya barafu uvigawe, una miaka ishirini na mbili, tafuta kazi. Hakusema kwa hasira, ndiyo maana naogopa.

Gongo ninalotumia ni la klabu, limeshapita mikono ya watu watatu. Nichague lipi, Ami? Nimeona kwenye video lile jeusi la kaboni, jepesi kama unyoya. Nataka hilo.

Mwanao,
Ghaliya binti Ishaq

*

Ottawa
6 Januari 2026

Ghaliya mwanangu,

Waaleikum salaam. Sijacheka. Nilikaa kwenye kiti nikasoma mara mbili. Miaka thelathini na sita nauza magongo kwa watoto wa watu, na wa kwetu hakuna aliyewahi kuniuliza hata lina ncha ngapi.

Sahau rangi kwanza. Gongo la kipa lina sehemu tatu. Chini kuna ulimi, unaogusa barafu. Juu yake kuna ubapa, ile sehemu pana. Halafu mpini mwembamba. Mkono wako wa kulia unakaa pale ubapa unapoishia, penye mabega. Kwa hiyo urefu wa ubapa ndio kila kitu. Ukiwa mrefu kuliko wewe, ukiteremsha mkono ncha ya ulimi inainuka, na paki inapita chini yake au inaondoka inatetemeka. Ukiwa mfupi, utainama mpaka mgongo ukulaani.

Ukunjo wa ulimi nitakuchagulia mdogo. Mkubwa unarusha paki juu vizuri upande mmoja, upande wa pili unakutia aibu, na wewe aibu umeshapata ya kutosha.

Nataka kipimo. Vaa viatu vya barafu, chuchumaa kama unavyochuchumaa paki inapokuja, magoti mbele, mkono ulipo. Mtu mwingine apime kutoka sakafuni mpaka kidole chako cha shahada. Si wewe mwenyewe. Niandikie inchi.

Kaboni ni nzuri kwa anayejijua. Tutazungumza.

Mwambie Mama, bibi yako, namsalimu sana.

Ami yako,
Harub

*

Al Khuwair
10 Januari 2026

Ami Harub,

Tumepima. Nani mwingine angepima nyumba hii isipokuwa Bibi? Alisikia neno inchi akatoa tepu yake ya ushonaji ndani ya kopo la biskuti, ile ya njano iliyofutika namba za mwanzo, akasema miaka arubaini amewashonea watoto wa skuli sare na hajawahi kurudishiwa nguo. Tulipima sebuleni Ijumaa baada ya chakula. Baba alikuwepo, na wageni wawili wa Baba.

Ni inchi ishirini na sita. Amepima mara mbili.

Ndiyo, nilichuchumaa.

Ami, fanya haraka. Ruba kanunua gongo jipya, anakuja nalo mazoezini ndani ya mfuko wake kama bunduki. Jana nilitoa paki kumi, saba zikaenda kusikojulikana. Usiku napiga hesabu za siku zilizobaki badala ya kusoma. Kama lile la kaboni lipo, niletee hilo.

Ghaliya

*

Ottawa
12 Januari 2026

Ghaliya,

Ishirini na sita ndilo refu kuliko yote niliyo nayo. Nawauzia majitu. Baba yako aliniambia wewe mfupi kuliko yeye, na yeye si mrefu. Nilitaka kukuuliza tena, lakini tepu ya Mama siibishii, nimekua chini yake.

Nakutumia la mbao. Usinune. Kaboni ni nyepesi, ila ilivyotoka kiwandani ndivyo itakavyokufa. Mbao husamehe. Nimelipima kwenye kiganja, halina uzito wa kijinga. Linaondoka kesho.

Lizoee kabla hujalipenda wala kulichukia. Toa paki mia kila siku, mia, si kumi.

Harub

*

Al Khuwair
4 Februari 2026

Ami,

Gongo limefika juzi, na mimi nimekwisha.

Ni refu, kwa jicho langu inchi tatu nzima. Nikiweka mkono penye mabega ya ubapa, kiwiko changu kinatoka nje kama mpini wa birika, na chini ya kwapa kuna tundu la kupita paka. Nikiteremsha mkono, ncha inainuka vilevile ulivyoandika. Jana Kocha alinirushia paki za polepole, za kuchezea watoto, mbili zikapita chini ya ulimi. Akaniuliza, hili gongo ni lako au la kaka yako? Sina kaka. Nilirudi kwenye gongo la klabu, na lenyewe sasa naliona bovu kuliko mwanzo.

Zimebaki siku kumi. Lingine haliwezi kufika, nimeuliza.

Nataka kukwambia neno na usinikasirikie. Bibi hajawahi kutaka nisafiri. Nilipotaja mashindano mara ya kwanza alisema mtoto wa kike anakwenda kuangushwa kwenye barafu ya watu kwa faida gani. Na fundi aliyeshona miaka arubaini hakosei inchi tatu, Ami. Mtu kama yule hakosei. Nimemwambia. Nilimwambia jikoni, sikupiga kelele, nilisema, Bibi, umefanya kusudi.

Aliweka kijiko chini akaenda chumbani kwake. Tangu jana hajasema na mimi. Salamu anaitika, basi.

Ghaliya

*

Ottawa
4 Februari 2026

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua tableti inakuchosha macho, lakini nakuomba unijibu hili moja. Ulipompima Ghaliya, kipimo ulichosoma kwenye tepu kilikuwa ngapi? Si ulichompa kuandika. Ulichosoma.

Sikulaumu, Mama. Nataka kujua tu.

Mwanao,
Harub

*

Al Khuwair
5 Februari 2026

Mwanangu Harub,

Marahaba. Naandika kwa kidole kimoja, tangu chai ya asubuhi, basi usinihimize.

Nilisoma ishirini na nne. Nikaongeza mbili za upindo, kama ninavyoongeza siku zote. Hukuyaona hayo ulipokuwa mdogo? Nguo hupunguzwa, haiongezwi. Anayemkatia mtoto kitambaa sawasawa na mwili wake ni fundi wa mwezi mmoja. Mie nikapewa mtoto na tepu, hakuna aliyenambia kuwa mti hauna upindo. Mngenambia.

Leo mjukuu wangu ananiambia nimefanya kusudi. Nimemlea yule tangu mama yake alipokuwa anafanya kazi zamu. Kwani mie sitaki ashinde? Mie naogopa asiumie, hayo ni mambo mawili. Kila akienda kwenye hiyo barafu yenu nakaa na tasbihi mpaka nisikie gari. Hilo halioni.

Na yeye aulizwe alisimamaje. Nilimwambia, hebu chuchumaa kama ulivyoandikiwa. Akatazama wageni wa baba yake, akakunja goti kidogo kama anayepita mbele ya wazee, akasema ndiyo hivi, Bibi, pima. Tena pekupeku, maana viatu vimeachwa mlangoni, nani anaingia sebuleni na visu miguuni? Mie najuaje kipa anasimama vipi? Mficha uchi hazai, na yeye alificha.

Goti langu ni lilelile. Utakuja lini?

Mama yako,
Masouda

*

Ottawa
5 Februari 2026

Ghaliya,

Soma mpaka mwisho kabla hujalia.

Mama hakufanya kusudi. Aliongeza inchi mbili za upindo, mazoea ya cherehani. Inchi iliyobaki unaijua mwenyewe ilitoka wapi. Uliniandikia, ndiyo, nilichuchumaa. Sitakuuliza tena.

Na mimi nina fungu langu, kubwa kuliko yenu. Nyinyi hamkujua, mimi nilijua. Utoto wangu wote nimevaa suruali zilizokunjwa chini. Nilipoondoka mwaka 1989 alinishonea koti la sufu kwa ajili ya baridi ya huku, mikono ikanifika kwenye vidole. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikamwambia Mama, sikui tena. Akasema, chukua. Koti lile ninalo, upindo wake sijaufungua hata siku moja. Linaning'inia nyuma ya mlango wa duka, nalitazama kila siku, na bado nikaandika ishirini na sita bila kuuliza.

Sasa sikiliza. Ungepata la kaboni leo tungekaa tunalia. La mbao linapunguzwa. Vaa viatu vya barafu, simama kwenye ile mikeka ya mpira pembeni ya uwanja, chuchumaa kikweli, mtu aweke alama kidole kilipo. Mpe seremala. Asikate gongo katikati. Achonge mabega ya ubapa kushuka mpaka kwenye alama, upana ulingane na mpini, halafu akate juu ya mpini kiasi kilekile alichochonga. Apige msasa, wewe uzungushe utepe wa kunata pa kushikia. Akichonga chini ya alama hakuna dawa, kwa hiyo alama iwe ya mtu anayejua kuweka alama.

Unamjua mtu huyo. Mwombe radhi kwanza.

Harub

*

Al Khuwair
9 Februari 2026

Ami Harub,

Siku mbili sikuweza. Nilikuwa nafika mlangoni kwake nasikia redio ya Kurani, narudi. Siku ya tatu niliingia nikakaa chini kwenye busati, nikamwambia, Bibi, sikuchuchumaa, niliwaonea haya wageni, halafu nikakutupia wewe. Nilitaka kusema nisamehe, nikaishia kumshikia ncha ya shuka alilokuwa anakunja. Aliendelea kukunja nguo. Mwisho akasema, hiyo barafu yenu ina kiti cha mtu mwenye goti bovu?

Jana tulikwenda. Alivaa soksi mbili na koti la Baba juu ya baibui. Uwanja ulikuwa na watu, timu ya wanaume wanamaliza, na Ruba yupo, na Kocha Ghadeer. Bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu, mimi nimevaa mapedi yote, akanambia, chuchumaa kama kazini kwako. Nikachuchumaa. Akasema, bado unaniheshimu, shuka. Nikashuka mpaka mapaja yakawaka moto. Akatoa ile chaki bapa ya cherehani, akakitazama kidole changu muda mrefu, akapiga mstari mmoja mwembamba kwenye ubapa.

Nikamwuliza, Bibi, umeongeza? Akasema, safari hii sikuongeza, mpelekee seremala kabla sijabadili nia.

Ni ishirini na tatu, Ami.

Seremala analo sasa hivi. Ni mzee wa mtaani, anatengeneza milango. Alilishika akauliza ni kafi la chombo gani. Nilimwambia chaki asiivuke. Nimemwambia mara nne, mwisho akaniomba niende nyumbani. Sijui kama atakumbuka. Nimekaa hapa nakuandikia. Akiharibu sina gongo, na sina safari.

Ghaliya

*

Ottawa
15 Februari 2026

Ghaliya,

Jumamosi imepita. Nimeangalia simu mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nina mgonjwa. Limechongwaje? Ulitoka kwenda nyuma ya goli au ulibaki ndani? Kama mambo yalikwenda vibaya andika vilevile. Mimi si baba yako, sitagawa viatu vya mtu.

Neno moja tu linatosha.

Harub

*

Al Khuwair
16 Februari 2026

Mwanangu Harub,

Ghaliya kasema nikuandikie mie. Yeye amelala, ameamka, amekula, amelala tena. Usiogope, ni uchovu.

Nilikwenda kutazama. Ishaq alinipeleka, akasema atanishusha tu arudi, akabaki mpaka mwisho amesimama mikono kifuani. Mie mambo yenu siyajui, nilitazama mstari wangu tu. Seremala alifika kwenye chaki akasimama, Mungu ambariki, juu akapiga msasa mpaka mpini ukateleza kama wa upawa.

Yule binti mwingine, Ruba, alianza yeye. Mzuri, sitamsema vibaya. Halafu wetu. Akadaka, akadaka. Kisha kile kisahani kikapita nyuma ya goli, na yeye akatoka. Nilimwona Ishaq ameshusha mikono. Mie nilifumba macho, mwanangu, sikwambii uongo. Nilisikia gongo limegonga mara moja, sauti kavu, kisha watu wakapiga kelele upande wa mbali. Nilipofumbua kisahani kilikuwa huko mwisho kabisa, kwenye gongo la mwenzake. Akatoka tena mara tatu. Moja ilimpotea. Hizo nyingine zilikwenda alikozituma.

Kocha alisoma majina ya wanaosafiri pale pale. La wetu lilikuwa la mwisho. Tulipofika nyumbani Ishaq akauliza pasi ya safari ya binti yake inakwisha lini. Viatu viko sebuleni, vimeingia na visu vyake, na hakuna aliyevitoa.

Sasa yako. Ghaliya kanisomea uliyomwandikia kuhusu lile koti. Kumbe lipo. Ulinambia hukui tena, ukadhani mie sijui. Harub, nilikuwa najua. Mtu wa miaka ishirini na moja hakui. Nilikuongezea kwa sababu ulikuwa unakwenda mahali ambapo nguo ikikubana, mie sipo nikakuongezea. Nilikata kitambaa nikiwaza hilo, na nikaongeza tena kidogo. Tangu tumzike baba yako hujarudi, ni mwaka wa kumi na moja. Kila mwaka nasema, kesho atakuja.

Nna kitambaa cha kanzu, cheupe, kizuri, nimekiweka tangu Idi ya mwaka juzi. Nilitaka kukwambia uniandikie vipimo vyako. Lakini vipimo vya kuandikiana tumeshaona vinavyotufanya. Goti langu likiniruhusu nitasimama, na tepu ninayo.

Njoo nikupime.

Mama yako,
Masouda